Hesabu Iliyofichika Katika Ubao Uliopinda

Arua ilipata hadhi ya jiji tarehe 1 Julai 2020, na kama ilivyo kwa kila mji unaokua, miongoni mwa mahitaji ya kwanza ya wakazi wake ni milango, madirisha, vitanda na madawati. Hali ni hiyo hiyo huko Koboko, yapata kilomita 55 upande wa kaskazini, ambako wilaya ilimegwa kutoka Arua mwaka 2005 na ambako mipaka ya Uganda, Sudani Kusini na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo hukutana. Barabara ya lami itokayo Vurra mpakani mwa Kongo hadi Oraba mpakani mwa Sudani Kusini, ambayo urefu wake ni kilomita 92, hupita katika miji yote miwili, na miongoni mwa shehena zinazosafirishwa juu yake ni mbao.

Mbao hizo hutoka sehemu mbalimbali. Ziko zinazovuka mpaka kutoka misitu ya mashariki ya Kongo, na ziko zinazotokana na mikaratusi iliyopandwa hapa hapa Uganda. Si chache kati ya hizo huuzwa zikiwa bado mbichi, yaani zikiwa na maji ya mti ndani yake. Seremala huzinunua, huzipiga randa mpaka zikawa bapa kama meza ya kioo, kisha hutengeneza mlango. Mteja huupokea mlango huo wakati wa mvua, akaujaribu, akaridhika, akalipa fedha zake. Kiangazi kikiingia mwezi wa Desemba, mlango ule ule hukataa kufunga. Pembe moja imetoka nje, katikati pamebonyea, na mwanya umefunguka ambao mtoto anaweza kupitisha mkono wake.

Hapo ndipo lawama huanza. Mteja humlaumu seremala kwamba ni mzembe. Seremala humlaumu mpasuaji wa mbao. Mpasuaji husema ni kazi ya jua. Katika mabishano hayo, ambayo hayaishi mwaka hata mwaka, neno moja husahauliwa: ubao haupindi ovyo. Kila mpindo una kanuni yake, na mtu anayeifahamu kanuni hiyo aweza kutabiri, kabla ya jua kuwaka, ni upande gani utakaobonyea na kwa kiasi gani. La kustaajabisha zaidi ni kwamba kanuni hiyo hiyo inashughulikiwa leo na wataalamu wa fizikia na hisabati katika vyuo vikuu vya Yerusalemu, Paris, Stuttgart na Harvard, ambao hutengeneza karatasi za mpira na za utomvu mzito zinazojikunja zenyewe, kutoka hali ya ubapa hadi maumbo ya bakuli, tandiko, ua, na hata sura ya mtu.

Yafaa kwanza kueleza maji yanavyokaa ndani ya mti. Mti umejengwa kwa mirija midogo isiyohesabika, iliyosimama wima tangu mizizini hadi kileleni. Maji hukaa mahali pawili: ndani ya uwazi wa mirija, na ndani ya kuta zake. Mti ukikatwa, maji yaliyo ndani ya uwazi ndiyo hutoka kwanza, na katika muda huo ubao hupungua uzito bila kubadili umbo. Unyevu unaposhuka hadi kiasi cha asilimia 30 ya uzito wa mti mkavu, uwazi huwa mtupu, na kuanzia hapo kuta zenyewe huanza kupoteza maji. Sasa ndipo ubao husinyaa. Basi yule anayeona ubao wake umekaa juani wiki mbili bila kupinda, akadhani kwamba umekwisha kuwa salama, hujidanganya. Huenda kazi ya kusinyaa haijaanza hata kidogo.

Lakini kusinyaa peke yake hakupindi kitu. Iwapo ubao ungesinyaa sawasawa pande zote, ungekuwa mdogo tu, na ubapa wake usingeharibika. Tatizo ni kwamba mti hausinyai sawasawa. Kwa urefu wa shina kusinyaa ni kudogo mno, sehemu moja au mbili katika elfu. Kutoka kiini cha gogo kuelekea gome, kwa miti mingi, ni kiasi cha asilimia 4. Na kwa kufuata mzunguko wa miviringo ile inayoonekana mwishoni mwa gogo, ni kiasi cha asilimia 8, yaani maradufu. Tofauti hiyo kati ya 4 na 8 ndiyo mzizi wa ugomvi wote wa milango.

Tazama ubao uliopasuliwa kutoka upande wa gogo. Uso mmoja ulikuwa karibu na gome, na uso wa pili ulikuwa karibu na kiini. Kwenye uso wa gome, miviringo hulala karibu sambamba na upana wa ubao, kwa hiyo upana huo husinyaa kwa kile kiwango kikubwa. Kwenye uso wa kiini, miviringo huukata upana kwa mshazari, kwa hiyo kusinyaa kwake ni kudogo zaidi. Uso mmoja unafupika kuliko mwenzake, na hali nyuso hizo zimeshikamana na haziwezi kuachana. Njia iliyobaki ni moja tu: ubao wote hujikunja, na uso wa gome ndio unaobonyea ndani. Maseremala wa zamani walisema kwamba miviringo hutaka kujinyoosha, na ingawa hiyo si sababu yenyewe, ni njia nzuri ya kukumbuka upande wa mpindo.

Kiasi cha mpindo nacho huhesabika. Chukua ubao wenye upana wa sentimita 25 na unene wa sentimita 2.5. Iwapo uso mmoja utasinyaa kwa asilimia 2 zaidi ya uso wa pili, ubao huo utajipinda na kuwa kipande cha duara ambalo nusu ya kipenyo chake ni unene uliogawanywa kwa ile tofauti, yaani sentimita 125; na katikati ya ubao patabonyea kwa milimita 6 hivi. Milimita 6 ni nyingi. Zatosha kung'oa komeo mahali pake. Ubao ukiwa mwembamba nusu ya huo, na tofauti ya nyuso ikiwa ile ile, mpindo huwa maradufu. Na gogo likiwa dogo, miviringo yake imejikunja zaidi, hivyo nyuso mbili za ubao hutofautiana zaidi. Ndiyo maana mbao za miti michanga iliyovunwa mapema husumbua kuliko mbao za miti mizee, hata kama aina ya mti ni moja.

Hata baada ya kukauka, ubao hautulii kabisa. Huvuta unyevu wa hewa na kuutoa tena, msimu baada ya msimu. Penye hewa yenye unyevu wa asilimia 80, kama ilivyo siku nyingi za masika, ubao hutulia kwenye unyevu wa asilimia 16 hivi. Hewa ikikauka hadi asilimia 40, ubao nao hushuka hadi asilimia 8. Mlango wenye upana wa sentimita 80, uliotengenezwa kwa mbao zilizogandishwa pamoja kwa gundi na zilizopasuliwa kwa upana wa miviringo, waweza kubadilika kati ya misimu hiyo miwili kwa karibu sentimita mbili nzima. Hakuna bawaba wala msumari uwezao kuizuia nguvu hiyo. Ubao utapasuka kwanza.

Mpindo wa ubao ulioelezwa hapa ni wa aina nyepesi, kwa maana kwamba huenda upande mmoja tu, kama karatasi iliyokunjwa kuwa mrija. Kuna aina ya pili iliyo ngumu zaidi, na ili kuielewa hapana budi kumtaja Carl Friedrich Gauss, mwanahisabati wa Göttingen, Ujerumani. Mwaka 1827 Gauss alithibitisha kwamba kitu bapa hakiwezi kuwa sehemu ya tufe, wala tufe haliwezi kuwa bapa, bila kunyooshwa au kufinywa mahali fulani. Mwenyewe aliona uthibitisho huo kuwa wa ajabu, akauita hivyo kwa Kilatini.

Fundi wa bati wa Arua hakusoma Kilatini cha Gauss, lakini kanuni hiyo anaijua mikononi. Akipewa bati bapa, hutengeneza faneli, bomba au kibatari kwa kukata na kukunja tu. Akitakiwa kutengeneza karai, mkasi na koleo havimtoshi. Sharti apige nyundo, tena apige sana, ili bati linyooke katikati na kuwa jembamba. Kelele ile inayosikika kwenye vibanda vya mafundi wa masufuria ni gharama ya kanuni ya Gauss. Bati la migongo la kuezekea nalo hutumia kanuni hiyo kwa faida: kwa kuwa limekwisha kupinda upande mmoja, haliwezi kupinda upande wa pili bila kunyooka, na kwa hiyo bati jembamba kabisa hubeba uzito wa fundi anayetembea juu yake.

Je, kuna njia ya kutengeneza karai bila nyundo? Wanawake wanaofuma vitambaa vya meza kwa sindano ya kulabu wameijua njia hiyo tangu zamani. Katika duara lililo bapa, mzingo ni mara 6.28 ya umbali kutoka katikati hadi ukingoni. Mfumaji anapoongeza vishono kwa uwiano huo, kila mzunguko mpya, kitambaa hulala bapa mezani. Akiongeza vichache kuliko inavyotakiwa, ukingo huvutwa ndani na kitambaa hugeuka kofia. Akiongeza vingi kupita kiasi, ukingo hukosa nafasi ya kulala, nao huinuka na kushuka kama mawimbi. Msusi wa vikapu huongeza na kupunguza nyuzi kwa hesabu hiyo hiyo. Jambo hili si mchezo wa jikoni tu: mwaka 1997 Daina Taimina, mwanahisabati mzaliwa wa Latvia aliyekuwa akifundisha katika Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, alifuma kwa sindano ya kulabu umbo ambalo wanahisabati walikuwa wakilijadili kwa zaidi ya miaka mia moja bila kuwa na kielelezo imara cha kushika mkononi.

Umbo, basi, limo katika hesabu ya marefu. Mwenye kuamuru urefu wa kila sehemu ya kitambaa ameamuru pia sura ambayo kitambaa kitachukua, hata kama mkono wake hautakigusa tena.

Msikilizaji anayetaka kuyaona haya hana haja ya maabara. Achukue kavera, ile mifuko ya plastiki ambayo Serikali ilitangaza kuipiga marufuku mwaka 2009 na ambayo hata hivyo imeendelea kuonekana sokoni, aichane polepole kwa mikono miwili. Ukingo uliochanika hautabaki umenyooka. Utakuwa na mawimbi, na juu ya mawimbi hayo mawimbi madogo zaidi. Kuchana kumeunyoosha ukingo usiweze kurudi, hali sehemu ya ndani haikuguswa, kwa hiyo ukingo sasa ni mrefu kuliko nafasi iliyopo. Mwaka 2002 wanafizikia wa Chuo Kikuu cha Texas huko Austin pamoja na wenzao walichapisha uchunguzi wa mawimbi hayo ya plastiki iliyochanwa, wakaonyesha kwamba yanafanana na yale ya kingo za majani. Jani la sukuma wiki lililojikunjakunja ukingoni limekua zaidi pembeni kuliko katikati. Hakuna mkono uliolikunja.

Kwa nini kitu chembamba hupendelea kupinda kuliko kubaki bapa na kujibana? Jibu lipo katika unene. Ukipunguza unene wa bamba kwa nusu, nguvu ya kulinyoosha hupungua kwa nusu. Lakini nguvu ya kulipinda hupungua hadi sehemu moja ya nane. Kwa vitu vyembamba sana, kupinda ni rahisi mno kuliko kunyooka au kufinyika, na maumbile huchagua njia isiyo na gharama.

Mwaka 2007 Yael Klein, Efi Efrati na Eran Sharon wa Chuo Kikuu cha Kiebrania cha Yerusalemu waliligeuza jambo hilo kuwa ufundi. Walitengeneza visahani bapa vya utomvu mzito ambao husinyaa unapopashwa moto kupita kiasi cha nyuzi 33 za Selsiasi. Walipokuwa wakiumimina utomvu huo walibadilisha ukolezi wake hatua kwa hatua, kutoka katikati hadi ukingoni, ili kila duara lisinyae kwa kiwango chake lenyewe. Katika maji baridi visahani vilikuwa bapa, havina tofauti ya kuonekana kwa macho. Vilipotiwa katika maji ya moto, vingine vilijiinua vikawa kama kofia, na vingine vikatoa mawimbi ukingoni kama kitambaa kilichofumwa kwa vishono vya ziada. Vikirudishwa baridini vilirudi ubapa. Miaka mitano baadaye, mwaka 2012, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Massachusetts huko Amherst walifika mbali zaidi kwa kutumia mwanga na vidoa vidogo vidogo, mithili ya vile vinavyotumika kuchapa picha magazetini; penye vidoa vingi utomvu ulivimba kidogo, penye vidoa vichache ulivimba sana. Mwaka 2019 watafiti wa Paris walitumia bamba za mpira zenye njia za hewa ndani yake, ambazo zikijazwa pumzi hupanda na kuwa umbo lililokusudiwa. Mwaka huo huo wenzao wa Harvard walichapa wavu bapa wa mpira ambao, halijoto ilipobadilishwa, ulijiinua ukawa sura ya binadamu. Sura waliyoichagua ilikuwa ya Gauss mwenyewe.

Maumbile yalitangulia. Katika nyika za West Nile, kama katika nyika nyingi za Afrika, iko miti ya jamii ya kunde ambayo maganda yake hupasuka kwa mlio siku za jua kali na kurusha mbegu mbali. Ganda likiwa bichi, pande zake mbili ni bapa. Likikauka, kila upande hujisokota kama parafujo, tena upande mmoja kwa kulia na wa pili kwa kushoto. Mwaka 2011 kundi hilo la Yerusalemu lilieleza sababu kwa kuchunguza maganda ya mti wa Bauhinia, unaopandwa mijini kwa ajili ya maua yake. Ganda lina matabaka mawili ya nyuzi, yaliyopishana kama msalaba na kulala mshazari kwa urefu wa ganda. Kila tabaka husinyaa kwa kukata nyuzi zake, si kwa kuzifuata. Matabaka yanapovutana kwa pande mbili tofauti, ganda halina budi kujisokota. Watafiti waliiga jambo hilo kwa karatasi mbili za mpira, zilizonyooshwa kwa pande tofauti na kugandishwa pamoja. Walipokata ukanda wa mshazari, ukajisokota mbele ya macho yao.

Seremala atatambua hapa jambo analolijua. Ubao ambao nyuzi zake zimezunguka shina badala ya kusimama wima, kama zilivyo katika mikaratusi mingi, haubonyei tu bali hujisokota, pembe moja ikapanda na ya mkabala nayo ikapanda pia. Ni maganda ya kunde katika umbo la mlango.

Wapo walioamua kutopigana na mpindo huo bali kuutumia. Mwaka 2016 watafiti wa Harvard walichapa maua bapa kwa utomvu uliochanganywa na nyuzi ndogo sana zilizotolewa katika mti. Mdomo wa mashine ulizilaza nyuzi hizo kwa mwelekeo uliotakiwa, na maua yalipotiwa majini yalikunja petali zake yenyewe. Na mwaka 2019, katika mji mdogo wa Urbach karibu na Stuttgart, ulijengwa mnara wa mbao wenye kimo cha mita 14 hivi, kazi ya Chuo Kikuu cha Stuttgart kwa ushirikiano na wataalamu wa Uswisi. Ukuta wa mnara huo umeundwa kwa vipande 12 vilivyopinda. Hakuna mashine iliyovipinda. Mbao zilipangwa zikiwa na unyevu na bapa kabisa, tabaka moja likikingama juu ya jingine, na hesabu ikafanywa mapema ya kiasi ambacho kila tabaka lingesinyaa. Zikaingizwa katika chumba cha kukaushia bapa, zikatoka zimepinda kwa kiasi kilichoandikwa kwenye michoro. Kisha ziligandishwa pamoja ili zisirudi.

Tofauti kati ya mnara wa Urbach na mlango uliopinda wa Koboko, kwa hiyo, haimo katika mti. Nguvu ni ile ile. Huko Urbach mtu alijua unyevu wa mbao kabla ya kuanza kazi, akajua pia miviringo na nyuzi zake zimelala upande gani. Katika karakana nyingi mambo hayo hayaulizwi, na hasara humwangukia yule aliye mwisho wa mstari, yaani mnunuzi, ambaye hakuuona ubao ule ulipokuwa mbichi.

Kuna sababu ya pekee inayofanya jambo hili liwe la haraka katika West Nile. Zamani fundi aliyetaka mlango usiosumbua alitafuta mti mtulivu, na mmoja wa miti mitulivu kabisa ni Afzelia africana, ambao huota katika nyika za kaskazini mwa Uganda na ambao husinyaa kidogo mno. Mti huo umekatwa sana. Mwezi wa Novemba 2022, katika mkutano uliofanyika Panama, mataifa yaliyotia saini mkataba wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini yaliiweka miti ya Afzelia ya Afrika chini ya udhibiti. Mvule na mkangazi nayo haipatikani kama zamani. Fundi wa leo anageukia mkaratusi, mti unaokua upesi, unaovunwa ukiwa mwembamba, unaosinyaa sana na wenye nyuzi za kuzunguka. Kwa maneno mengine, ule mti uliomsamehe fundi makosa yake unatoweka, na unaochukua nafasi yake hausamehi.

Hata hivyo mkaratusi si adui. Ukipasuliwa upesi baada ya kukatwa, mbao zikapangwa kivulini juu ya fito za unene mmoja, fito juu ya fito katika mstari mmoja ulionyooka, na mawe mazito yakawekwa juu ya rundo, hewa hupita pande zote mbili za kila ubao na hakuna uso unaokauka mbele ya mwenzake. Miisho ya mbao hupakwa rangi ya mafuta au nta, kwa sababu hapo ndipo maji hutoroka haraka na kuleta nyufa. Kuanika mbao juani, kama ionekanavyo mara nyingi kando ya barabara, ni kuualika mpindo. Mpasuaji naye akiweza kuikata ile sehemu ambayo miviringo husimama wima katika unene wa ubao, atapata mbao chache zaidi katika gogo moja, lakini nyuso zake mbili zitasinyaa sawa na ubao utabaki bapa. Iwapo mbao kama hizo ni ghali zaidi, ughali huo una haki yake.

Halafu kuna mlango wa paneli, ambao baadhi ya watu hudhani kuwa ni pambo la matajiri. Mafundi wa kale waliubuni kwa sababu ya kusinyaa. Fremu hubeba mlango, na kwa kuwa mti hausinyai kwa urefu, kimo cha mlango hakibadiliki, na upana wake hubadilika kwa upana wa miimo miwili tu. Paneli hukaa ndani ya mfereji wa fremu bila gundi wala msumari, ikiwa na nafasi ya milimita kadhaa kila upande ili itanuke masika na kusinyaa kiangazi. Fundi anayepigilia misumari paneli hiyo ili isicheze ameuharibu mlango kwa bidii yake mwenyewe.

Lililobaki ni swali la mnunuzi: atajuaje kwamba ubao anaouziwa ni mkavu? Maneno ya muuzaji hayatoshi, na kugonga ubao kwa kidole ili kusikiliza mlio wake ni kubahatisha. Kipimo kipo, nacho hakihitaji chombo cha Ulaya. Mizani ndogo ya dukani yatosha. Kipande hukatwa kutoka ubao wenyewe, mbali na miisho yake kwa nusu mita hivi, kikapimwa papo hapo. Kisha huwekwa katika joko la mikate lenye moto wa wastani usiokiunguza, kikapimwa tena kila baada ya saa kadhaa mpaka uzito wake ukome kupungua. Uzito uliopotea hugawanywa kwa uzito uliobaki. Kipande cha gramu 112 kikiishia kuwa gramu 100, unyevu wa ubao ni asilimia 12, na fundi aweza kuanza kazi. Kipande cha gramu 130 kikiishia kuwa gramu 100, unyevu ni asilimia 30, na ubao huo, hata kama umeletwa na lori lililojaa vumbi la kiangazi na unaonekana mkavu kama mfupa, bado haujaanza kusinyaa.